Viatu Vinabaki Mlangoni

Kitaluni, 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana najua utaruka mistari kumtafuta mtoto. Usiruke. Sisi wazima. Shemeji yako naye mzima, ila amejigonga kidole gumba kwa nyundo, na tangu juzi nyumba nzima tunatembea kwa kunyata kana kwamba amevunjika mguu. Seremala wa miaka yote hii! Nimemwambia msumari haukusogea, aliyesogea ni yeye. Hakucheka.

Mvua zimekuja mapema na zimekuja kwa fujo. Miche ya nyanya imetoka vizuri, miparachichi iko kwenye viriba inangoja wanunuzi, na wale kina mama wawili wanaotujazia udongo kwenye viriba wamerudi kazini, kwa hiyo kitalu kina vicheko tena. Hasara yetu ni kile choo cha kule nyuma tu. Kimetitia, ukuta mmoja ukalala chini. Shemeji yako atakijenga kidole kikipona.

Haya, sasa Mkia. Binti yako anazidi kustahili jina tulilompa. Nikienda kwenye matuta yuko nyuma yangu, nikienda bombani yuko nyuma yangu, nikisimama ghafla ananigonga. Ameshajua kupanda mbegu mojamoja bila kuzirundika, kitu ambacho wewe hukukiweza mpaka unaondoka hapa. Vidole vya miguu vilikuwa vinamwasha, nadhani ni haya maji ya mvua, na ana kakohozi. Si kitu.

Ulichoniuliza, kama aje huko kwako kuanza darasa la kwanza shule zikifunguliwa Septemba, nitakujibu siku nikiwa nimetulia. Mama yake, Mungu amrehemu, alituachia huyu mtoto hajaota hata jino, na ni mgongo wangu uliombeba. Usitake nijibu swali kama hilo nikiwa naandika juu ya mfuko wa mbolea. Na usipige simu kunisukuma. Ukipiga anakuja kukaa pajani kwangu, anasikiliza kila neno, nami nabaki naguna tu. Mambo haya tuyaweke kwenye karatasi.

Wako,
Dada


Maabara, 22 Machi

Shikamoo dada. Mpe shemeji pole yangu, na umwambie kidole gumba kipo kingine.

Niliruka mistari, kisha nikarudi kuisoma. Mimi sijambo. Bado tupo kwenye chumba kile kirefu chenye dirisha linalotazama ukuta. Hadubini ni tatu, moja inayumba, na hiyo ndiyo yangu kwa sababu mimi ndiye mgeni kuliko wote. Kila asubuhi makopo yanafika kutoka shuleni, choo cha watoto wa watu, nasi tunakaa kutafuta mayai ya minyoo mpaka shingo zikakamae. Juzi nilichungulia nikaona majani matupu. Nikamwita mwenzangu, akachungulia, akasema mtoto huyu ama anaumwa sana ama ni mbuzi. Kumbe mwanafunzi mmoja alibanwa asubuhi ile, haja haikuja, akamwogopa mwalimu, akaokota alichokikuta uani. Tulicheka mpaka mkuu akafungua mlango.

Mkuu mwenyewe ameanza kuuliza nani atakubali kwenda kufanya kazi kwenye vituo vidogo huko nje, uchunguzi huu ukiisha. Chumba kizima tuliinama tukatazama viatu vyetu. Mimi nimeshasema nabaki hapa. Nimepata vyumba viwili, nimenunua kitanda kidogo chenye droo chini, na shule iko ng'ambo ya barabara. Natoka kazini kabla yeye hajatoka darasani. Dada, nimemkosa mwanangu vya kutosha. Nataka nimjue kabla hajawa mtu mzima ananisalimia kama mjomba wa mbali.

Sasa nisaidie. Vidole vilimwasha lini, na ni kati ya vidole au juu? Kikohozi kilianza kabla ya muwasho au baada? Anakula? Anacheza au anakaakaa? Bado anaingia kwenye matuta miguu mitupu? Mpeleke zahanati wampime choo, tafadhali, hata kama unaona si kitu. Mvalishe viatu.

Nakubusu mikono,
Mdogo wako


Kitaluni, 15 Aprili

Marahaba, mdogo wangu.

Kidole kimepona lakini ukucha umedondoka, na mwenyewe ameuhifadhi kwenye kiberiti ili awaonyeshe wageni. Nyanya zimekwenda karibu zote. Yule mwalimu mstaafu wa jirani amechukua miparachichi ya mstari wa mbele, ila hajaihamisha, anakuja kila jioni kuisalimia kama watu waliolazwa hospitali.

Nilimpeleka Mkia zahanati kama ulivyoamuru. Nasema kuamuru kwa sababu barua yako ilikuwa na maswali kuliko kituo cha polisi. Tukapewa kopo, tukalirudisha kesho yake. Alilibeba mwenyewe njia nzima na kila tuliyekutana naye alimwambia kilichomo. Wakapima. Hakuna kitu! Mpimaji alisema mbele ya foleni nzima kwamba choo cha mtoto huyu hakina yai hata moja. Nilitoka pale natembea kama bibi harusi. Na kikohozi kimekwisha, kwa hiyo hilo tulifunge.

La viatu, hapana. Wewe umekulia humu, sikufundishi. Unakumbuka mwaka ule mnyauko ulipoingia, nyanya zote zikalala kwa wiki moja, na baba akagundua umeletwa na matope ya viatu vya mnunuzi aliyetoka shamba lenye ugonjwa. Tangu siku ile sheria ni moja tu: viatu vinabaki mlangoni, unanawa miguu kwenye karai la sabuni, unaingia peku. Baba aliwavua viatu hata mabwana shamba wa serikali, na soksi zao zilizotoboka zikaonekana. Sheria hiyo ndiyo imetuwekea jina. Watu wanatoka mbali kununua miche kwetu kwa sababu haifi. Leo niivunje kwa ajili ya vidole vilivyowasha wiki moja?

Walimpima na damu, kwa vile tulikuwa tumeshafika. Imepungua kidogo, akapewa dawa ya maji. Kuna na chembe fulani nyeupe ambazo mpimaji alisema zimepanda, akasema labda ni mzio wa vumbi. Nimeliweka hili mwisho kwa kuwa ni dogo.

Suala la shule bado linanizunguka kichwani.

Dada


Maabara, 2 Mei

Shikamoo dada.

Barua yako ilipotelea hospitalini humu humu. Ilizunguka idara baada ya idara mpaka ikanifikia ina alama ya kikombe cha chai. Mimi sijambo. Nimefurahi miparachichi inatembelewa.

Ulichokiweka mwisho kwa kuwa ni kidogo ndicho kikubwa. Nitakueleza polepole, usikasirike.

Zile chembe nyeupe ni askari wa mwili. Wapo wa aina nyingi, lakini hao walioongezeka kwa Mkia ndio ninaowahesabu kila siku tukipima na damu za watoto. Tukiwatia rangi kwenye kioo, ndani yao zinaonekana punje nyekundu. Kwa kawaida ni wachache. Wanaongezeka mtu akiwa na mzio, hapo mpimaji hakukosea. Ila wanaongezeka pia mnyoo akiingia, kwa sababu mnyoo ni mkubwa mno, askari wa kawaida hawezi kummeza. Hawa wanamzunguka na kummwagia sumu yao. Kwa hiyo nikisikia mtoto amewashwa vidole vya miguu, halafu akakohoa, halafu hao askari wamejaa kwenye damu, mimi siwazi vumbi. Nawaza safura.

Yai la safura linatoka na choo cha mtu. Likianguka kwenye udongo linaanguliwa, na kitoto chake, hukioni kwa macho, kinakaa hapo kikisubiri mguu. Kinapenya ngozi laini kati ya vidole: ndio muwasho. Kinakwenda na damu mpaka kwenye mapafu: ndio kikohozi. Kinakoholewa mpaka kooni, kinamezwa, kinashuka kwenye utumbo, kinang'ata hapo na kuanza kunyonya damu. Kutaga mayai ni baadaye, mwezi na zaidi tangu kilipoingia. Mpimaji wenu hakudanganya. Alikuwa anatafuta mayai ya minyoo ambayo bado haijakua.

Na udongo kinaoupenda, dada, ni wenye unyevunyevu na kivuli. Ule ule ambao wewe na baba mmeutengeneza maisha yenu yote.

Sasa nakuuliza kuhusu choo. Mwezi Machi uliniambia kimeanguka. Mwezi Aprili umenieleza mpaka ukucha wa shemeji ulikohifadhiwa, lakini choo hukukigusa. Wale kina mama wanajisaidia wapi?

Mpime tena mwisho wa mwezi huu. Na nakwambia waziwazi ili tusije tukalaumiana: kama mwanangu anaumwa na mimi sielezwi, sitangoja Septemba. Nitapanda gari nije nimchukue.

Mdogo wako


Kitaluni, 20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua umehesabu siku. Simu zako zote nilizipokea mwenyewe, nikakwambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima.

Sisi hatujambo sasa, na hilo neno sasa nimeliandika makusudi. Shemeji yako anakusalimu. Mwalimu mstaafu hatimaye amehamisha miparachichi yake, na siku hiyo aliomba kiti akae kwanza, kana kwamba ametoa mgonjwa wodini.

Choo kilikuwa hakijajengwa. Shemeji yako alipata kazi ya madawati, mimi nikasema itangoja, na kina mama wakawa wanakwenda nyuma ya ua, kwenye majani marefu. Ua uko juu, matuta yako chini. Mvua ikinyesha maji yanapita wapi, unajua mwenyewe. Barua yako iliponiuliza niliikunja nikaiweka chini ya godoro, nikawa na hasira na wewe wiki nzima, kwa sababu ulikuwa umeona kutoka huko kitu ambacho mimi nakiruka kila siku nikienda kazini.

Halafu nikamkuta Mkia nyuma ya viriba, mdomo mweusi. Alikuwa analamba udongo. Nikamuuliza, unafanya nini wewe? Akasema, "Shangazi, ni mtamu, onja." Nilipomnyanyua nikaona vile viganja vyake, vimepauka, hata macho chini kwa ndani hayana wekundu. Mtoto aliyekuwa ananigonga mgongoni alikuwa ameacha kunifuata, anakaa kivulini ananisubiri nirudi, na mimi nilijisifu kwamba ametulia, amekuwa mkubwa.

Wakampima tena. Safura, na mayai tele. Muuguzi akanitazama mimi, akasema, "Na wewe mama, kaa hapo nikupime." Nikamwambia mimi sina kitu, nimechoka tu, nani hachoki. Akasema kaa. Basi nilikuwa nimemzidi mtoto. Kumbe ndiyo maana nikipanda kutoka bombani nilikuwa naweka ndoo chini na kujifanya natazama mawingu. Kina mama wote wawili nao wamekutwa nayo. Aliyenusurika ni shemeji yako tu, ambaye haingii kitaluni kwa sababu hapendi kuvua viatu.

Tumepewa vidonge vya kutafuna, na Mkia na mimi tunakunywa dawa ya kuongeza damu kijiko kwa kijiko, mezani, kama walevi wawili. Amenitangazia mtaa mzima kwamba choo chetu sasa ni cheusi. Muuguzi anasema ni ile dawa, ni kawaida.

Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa. Uliandika utakuja kumchukua, nami nikaona nikikwambia anaumwa nimekufungulia mlango mwenyewe. Sasa nimekwambia. Kuna kitu kimoja tu nashindwa kuelewa. Kama hao askari wako walikuwa wamejaa tangu Aprili, walikuwa wanafanya nini? Kwa nini hawakuwatoa?

Ukitaka kuja, njoo. Sitakuzuia mlangoni.

Dada


Maabara, 5 Julai

Shikamoo dada, na pole. Pole sana. Niliposoma kuhusu ile ndoo nilitoka nje nikasimama ukutani mpaka macho yakakauka.

Kwanza, sina hasira. Nilikuwa nayo, imekwisha. Nimewapa wenzangu hapa kisa cha walevi wawili wa dawa ya damu na wanawasalimu. Na ungejua ni makopo mangapi ya watoto wa wapimaji, wauguzi na walimu yamepita chini ya hadubini yangu, usingejilaumu.

Umeuliza swali ambalo hata wakubwa wetu wanakesha nalo. Askari hawakulala. Walikwenda, na baadhi ya vitoto viliuawa njiani. Lakini mnyoo aliyefika kwenye utumbo ana ulimi mtamu. Anatoa vitu vinavyowapoza askari, wanapunguza ukali. Na mwili wenyewe unaona bora iwe hivyo, maana vita vikali siku zote ndani ya utumbo vingeuharibu utumbo wenyewe. Basi wanakaa hivyo, huyu ananyonya, huyu anavumilia, na mtoto anapauka kidogokidogo hata anayemwogesha asione. Ndiyo maana hukuona. Ugonjwa wenyewe umetengenezwa usionekane.

Kibaya zaidi, mwili haukariri safura kama unavyokariri surua. Mtoto akiugua surua akapona, basi, haipati tena. Safura anaweza kupona leo na kuipata wiki ijayo kwenye tuta lile lile. Kidonge kimefagia nyumba, lakini mlango uko wazi. Choo kijengwe, na miguu ivikwe.

Najua utasema sheria ya baba. Nimeifikiria sana sheria ya baba. Aliogopa tope la nje lisiingie ndani. Hakusema kiatu ni dhambi. Buti ambayo imenunuliwa mpya, ikaingia kitaluni, na haitoki humo maisha yake yote, inaleta ugonjwa gani? Mtu avue viatu vyake mlangoni kama kawaida, anawe kama kawaida, halafu avae buti inayomsubiri ndani. Baba, huko kaburini aliko, hatakuwa na la kusema. Atasema tu kwamba yeye ndiye aliyefikiria.

Kuhusu shule. Nilikuandikia kwa ukali kwamba nitakuja kumchukua. Kitanda kidogo kipo, nimekitandika shuka lenye samaki. Lakini sitaki kumchukua kwa ugomvi, na sitaki umwachie kwa woga. Niambie moyoni mwako unataka nini. Mara ngapi nimekuuliza, na kila mara umenipa habari za shemeji.

Mdogo wako


Kitaluni, 10 Agosti

Mdogo wangu, marahaba, marahaba.

Shemeji yako hajambo, na safari hii habari zake ndizo barua yenyewe, vumilia. Choo kimesimama! Kina mlango unaofunga, paa, na dirisha dogo lenye umbo la moyo ambalo hakuna aliyemwomba. Kina mama wanagombania nani aingie kwanza. Amekijenga chini kabisa, upande wa pili wa barabara ya toroli, maji ya mvua yakipita yanaelekea kwingine.

Buti nimenunua. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na wewe kurasa mbili, nikakosa hoja. Kwa ndani ya mlango shemeji yako amepigilia ubao wenye misumari, kila mtu na wake, buti zinaning'inia kichwa chini zikauke. Mkia alipoziona zake alizikumbatia akalala nazo, ikabidi tuzioshe upya kwa sababu zilikuwa zimeshatoka nje. Sheria ni sheria. Za kwake nimechukua kubwa kidogo, nimejaza pamba mbele. Muuzaji aliniuliza kwa nini nisichukue saizi yake, nikasema atakua. Nilipofika nyumbani nikajiuliza, atakulia wapi?

Tumerudi kupimwa. Mtoto hana yai hata moja, na mimi pia. Viganja vimerudi kuwa na rangi. Anakula maharage yake, anamaliza, anatazama yangu. Ameanza tena kunigonga mgongoni, nami nasimama ghafla makusudi.

Ila kuna jipya. Tangu apone anapiga chafya akipita kwenye maua. Mfululizo, mpaka kina mama wanamhesabia. Nimemwambia shemeji yako kwamba askari wamekosa kazi, sasa wanagombana na maua. Ni kweli au nimechanganyikiwa?

Sasa jibu lako. Nimeliandika mara nyingi nikalichana.

Ni mtoto wako. Sanduku lake nimeshalipanga, nguo zimefuliwa, na kichupa cha dawa kimo. Ukisema aje, nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako na nitacheka njia nzima asijue kitu. Hilo ni la kwanza. La pili, umeniuliza moyoni mwangu nataka nini. Nataka abaki. Nataka nimwone akizijaza zile buti. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa ameniuliza kama amwandikishe, nikasema nangoja neno la baba yake.

Alilikuta sanduku. Nikamweleza kwamba huenda akaenda kukaa na baba. Akafurahi sana, akaruka. Kisha akauliza, "Kwa baba kuna kitalu?" Nikasema hakuna, kuna barabara na shule. Akafikiri, akasema, "Basi baba aje huku, tumwazime buti." Akaenda zake. Wala hakulia, aliona amelimaliza.

Shemeji yako amepigilia msumari mmoja zaidi ya watu tulio nao. Nimemuuliza ni wa nani, anasema mkono uliteleza. Seremala huyu na misumari.

Dada


Maabara, 25 Agosti

Shikamoo dada.

Mimi mzima, na leo sina habari za makopo.

Kuhusu chafya, hujachanganyikiwa. Wako wataalamu wanaosema maneno yako hayo hayo, kwamba minyoo ikiondoka askari wanakuwa wakali hata kwa maua, na wako wanaokataa, bado wanabishana. Kwa vyovyote, mtoto anayepiga chafya akiwa na damu mwilini ni bora kuliko aliyetulia bila damu. Mwache apige.

Barua yako niliisoma hapa mezani, nikaenda moja kwa moja kwa mkuu. Nilimwambia vile vituo vidogo alivyouliza mwezi Machi, mimi nipo. Akadhani nimegombana na mtu. Nikamtajia zahanati yenu, kwamba wana mpimaji mmoja na watoto wanaosubiri minyoo ikue itage ndipo wagundulike. Akasema huko hakuna anayetaka kwenda. Nikasema ndiyo, najua, mimi nataka. Nilijidai miezi yote hii kwamba namtafutia mwanangu kwao, kumbe anako.

Mwandikishe shule ya hapo. Sanduku lake lifungue, nguo zirudi mahali pake. Kitanda kidogo kitakuja juu ya gari pamoja nami, na shuka lake la samaki. Ninafika kabla shule hazijafunguliwa.

Mwambie shemeji mkono wake haukuteleza. Kwenye msumari ule mtundike buti mpya, na saizi usiniulize, mguu wangu ni ule ule wa baba. Mwambie Mkia anisubiri kwa ndani. Mimi nitavua viatu vya safari hapo mlangoni, nitanawa, ndipo niingie.

Mdogo wako